Njia Panda na Moyo Unaochafuka

Jumapili, 29 Agosti 1993

Daftari hili lilibaki nilipowagawia darasa la tano. Nimeandika juu yake Mwl. Letisia Haule, halafu nikakaa nikilitazama kama mtoto asiyejua jibu. Tangu nirudi kutoka kanisani nimefagia uwanja mara mbili, nimefua shuka ambalo halikuwa chafu, nimetoka hadi barabarani na kurudi bila haja yoyote. Labda nikiandika mikono itatulia.

Naishi Makambako, njia panda. Barabara ya Dar es Salaam inapita hapa kwenda Mbeya, nyingine inachepuka kwenda Njombe hadi Songea, na treni ya TAZARA inapiga honi kule stesheni. Tangu biashara ziachiwe huru mji umekuwa kama mzinga uliopigwa jiwe. Malori ya viazi, malori ya mbao, mabasi ya watu binafsi, akina mama na marobota ya mitumba. Kila mtu anatoka mahali anakwenda mahali. Mimi nimekaa katikati yao miaka sita na sipandi chombo chochote.

Si woga wa ajali. Gari likitembea robo saa tu moyo unanichafuka. Mate yanajaa mdomoni, jasho la baridi linanitoka, kisha natapika mpaka nyongo. Basi, lori, treni, yote sawa. Nimemeza vidonge, nimetafuna tangawizi, nimenusa limau mpaka pua ikawaka. Mwisho nilinunua baiskeli. Walimu wenzangu hupanda basi kwenda Njombe kufuata mshahara. Mimi naondoka alfajiri, kilomita sitini za milima, narudi siku ya pili. Kwa baiskeli sijambo. Ila baiskeli haiwezi kunifikisha kwetu Lugarawa, au niseme inaweza kwa siku tatu, na mambo mengine hayangoji siku tatu.

Leo Safina, jirani yangu, binti wa Mzee Hassani mwenye duka la baiskeli, alinivuta mkono hadi dukani kwao. Mlangoni pamebandikwa karatasi kubwa: MASHINDANO, TAREHE 13 NOVEMBA. KUOGELEA LAMBO LA MAKAMBAKO. BAISKELI HADI NJOMBE. MBIO KUZUNGUKA MJI WA NJOMBE. Wazo ni la Padre Severini wa Njombe, aliyeyaona huko alikokwenda masomoni, na Mzee Hassani ameligharamia ili watu waziangalie baiskeli zake mpya.

"Wanawake wanaruhusiwa," Safina akasema. "Zawadi ya kwanza cherehani. Nimekuandikisha."

"Safina! Mimi sijui kuogelea."

"Hujui leo. Novemba iko mbali."

"Na kwa nini mimi?"

"Kwa sababu jana nimekuhesabu, dada Leti. Umepita mbele ya duka letu mara kumi na moja na hukununua kitu."

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumamosi, 4 Septemba

Mwalimu wangu wa kuogelea ni Fundi Kasimiri, anayeziba pancha kwa Mzee Hassani. Ni mtu wa Lupingu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na katika mji huu wa baridi ndiye pekee tunayemjua aliyekulia majini. Anapata miaka hamsini, ananuka gundi na sigara, na haingii majini kabisa. Anakaa kwenye ukingo wa lambo akiwa na koti na kofia ya sufu na kunipigia kelele.

"Ingia, Mwalimu!"

"Fundi, mbona wewe huingii?"

"Haya si maji, ni barafu iliyochelewa. Mimi nafundisha kwa mdomo."

Lambo limechimbwa nje ya mji kwa ajili ya ng'ombe. Niliingia na suruali ya michezo na fulana hadi kifuani, nikatoka meno yakigongana. Ng'ombe walinitazama.

Jumatatu, 6 Septemba

Upepo na vumbi. Nimesahihisha madaftari arobaini nikiwa nimesimama.

Jumapili, 12 Septemba

Nimeelea! Nililala chali, masikio ndani ya maji, nikaona mbingu tupu. Fundi akahesabu kwa sauti hadi ishirini. Kisha akaniamuru nigeuke nipige mikono, nivute pumzi ubavuni. Nilipogeuza kichwa mara ya tano, sita, nikasikia mate yanajaa. Nikajua. Nilikimbilia ukingoni nikatapika chai na kiazi mbele ya fundi.

Nilidhani ugonjwa wangu ni wa petroli na vioo vilivyofungwa. Kumbe hata maji yakiniyumbisha kidogo moyo unachafuka. Nimerudi nyumbani nikiisukuma baiskeli. Sikutaka kupanda.

Jumanne, 14 Septemba

Habari imefika shuleni, sijui imepanda gari gani. Ofisini Mwalimu Stanley, ambaye mchana anafundisha hesabu na jioni anauza viatu vya mitumba sokoni, aliwaambia wenzake, "Mwalimu Letisia atatapika hata kwenye baiskeli iliyoegeshwa." Walicheka mpaka mwalimu mkuu akatoka kuuliza kuna nini. Saa nne mtoto mmoja wa darasa langu akajifanya anatapika nyuma ya mlango. Nilimpa adhabu ya kufyeka nyasi, halafu nikamwonea huruma, halafu nikaenda kufyeka naye. Stanley simpendi. Ana sauti ya mtu ambaye hajawahi kuaibika.

Jumapili, 19 Septemba

Leo nitaandika lile jambo.

Machi mwaka juzi dereva wa lori aliniletea habari shuleni kwamba baba amefariki na maziko ni kesho. Nilifika Njombe kwa lori nikiwa nusu mfu. Pale nikapata Landrova iliyokuwa inakwenda Ludewa. Tulipoacha mji na kuanza kona za kule, nilitapika dirishani, nikatapika kwenye kanga yangu, nikatapika mpaka macho yakawa hayaoni. Mama mmoja alinishika kichwa. Nikamwomba dereva asimame. Akasimama, nikashuka, nikalala kwenye nyasi, na ile ardhi isiyotikisika ilikuwa tamu, Mungu anisamehe, tamu kuliko kitu chochote.

"Twende, dada," dereva akasema. "Mvua inakuja."

Nikasema, "Nipe dakika tano." Akanipa. Akanipa nyingine tano. Kisha akauliza, "Unapanda au hupandi?"

Nikasema sipandi.

Niliitazama ile Landrova mpaka ikapotea kwenye kona. Nilitembea, nikalala kwa watu nisiowajua, nikatembea tena. Nilifika nyumbani siku ya tatu, miguu imevimba. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa majani. Watu walikuwa wamekaa uani, na kaka yangu Odilo akasimama mbele yao wote, akasema, "Karibu matanga, mdogo wangu. Maziko tulishamaliza."

Mama aliinuka. Alinisogezea kigoda.

Nilirudi Makambako kwa miguu na kwa baiskeli ya kuazima, na tangu siku hiyo sijaenda tena Lugarawa. Odilo huandika barua kila baada ya miezi miwili, mistari minne au mitano, kuhusu mahindi na mbuzi. Mwisho wake daima ni "Mama hajambo." Hajawahi kuandika "njoo".

Jumamosi, 25 Septemba

Lamboni. Nimetapika mara mbili.

Jumamosi, 2 Oktoba

Mara moja. Fundi anasema ni maendeleo. Mimi nasema sikula.

Alhamisi, 14 Oktoba

Leo hakuna masomo, na jua kali. Joto limeanza kupanda hata huku kwetu, na wakulima wanachoma mashamba. Moshi pande zote. Siwezi kukaa ndani, siwezi kukaa nje. Nilipanda baiskeli hadi nusu ya njia ya Njombe, nikageuka bila sababu. Mabasi matatu yalinipita na kila moja nilisoma mahali linakokwenda.

Jumapili, 17 Oktoba

Leo nilimkasirikia Fundi Kasimiri. Nilikuwa nimefika katikati ya lambo nikaanza kuchafukwa, nikarudi, na yeye akapiga kelele, "Mbona umerudi?"

"Natapika, fundi! Huoni?"

"Naona. Nauliza mbona umerudi."

Nilitoka majini nikitetemeka kwa hasira zaidi kuliko kwa baridi. Nikamwambia ni rahisi kusema ukiwa na koti. Alivuta sigara yake mpaka mwisho.

"Kaka yangu, tumbo moja," akasema, "alikuwa hivyo hivyo. Ziwa likichafuka kidogo anatapika. Siku ya kwanza alitapika, na siku ya mwisho alitapika. Kati ya siku hizo mbili amevuta nyavu miaka thelathini."

"Hakupona?"

"Nani kakwambia alipona? Alikuwa anatapika upande huu, anavuta upande ule. Watu wakazoea. Yeye ndiye hakuzoea, lakini samaki walikuwa wanaingia."

"Na wewe?"

"Mimi sikutapika hata siku moja, Mwalimu. Na mimi ndiye niliyeondoka ziwani." Akapangusa majivu kwenye koti. "Ingia tena. Ukichafukwa, geuka chali, tapika pembeni, endelea."

Niliingia tena. Sikufika ng'ambo, lakini niligeuka chali.

Jumanne, 26 Oktoba

Barua ya Odilo. Mahindi ya akiba yanatosha. Mbuzi mmoja ameliwa na fisi. "Mama anakohoa kidogo." Nimeisoma mara nyingi nikilitafuta lile "hajambo". Halimo.

Jumamosi, 30 Oktoba

Nimevuka lambo kwenda na kurudi. Nilitapika mara moja katikati, nikiwa chali, nikaendelea. Fundi alisimama. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akisimama.

Safina ananishonea kaptura ndefu ya kitambaa kinachokauka haraka. "Baba anasema nikupe bure," akasema, "kwa sababu mji mzima unakuja dukani kuuliza kama ni kweli kuna mwalimu anayefanya mazoezi ya kutapika."

Jumanne, 9 Novemba

Mawingu. Hayanyeshi.

Alhamisi, 11 Novemba

Dereva wa pikapu ya mahindi amenikuta darasani. Karatasi imekunjwa mara nne.

"Mama amelazwa hospitali ya Lugarawa tangu Jumatatu. Ni nimonia. Anakutaja. Sikuambii uje. Najua. Odilo."

Lile neno "Najua". Nimeliona ubaoni, nimeliona kwenye madaftari ya watoto. Nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, amenipa. Nimerudi nyumbani nikafunga mfuko, nikaufungua, nikaufunga.

Safina alikuja. Nilimwambia nitakwenda baada ya mashindano, siku mbili tu, kwa kuwa nimeshaahidi, kwa kuwa baba yake amegharamika. Alinitazama.

"Dada Leti, unakimbia mashindano au unamkimbia mama?"

Nilimfukuza. Nilimfukuza kweli, nikafunga mlango.

Ijumaa, 12 Novemba

Naandika ili nisijidanganye baadaye.

Saa moja asubuhi nilikwenda stendi. Nilipanda basi la Njombe. Nilikaa kiti cha mbele, dirishani, nikiwa na limau mkononi. Abiria waliingia, kuku waliingia, mtu akapakia debe la mafuta ya taa. Dereva akawasha injini. Basi halijatembea hata hatua moja, linatetemeka tu, na mimi mate yakajaa. Nikasema nitavumilia. Utingo akagonga ubavu, "Twende!" Nikasimama, nikapita juu ya miguu ya watu, nikashuka.

Safina alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na kikapu chake. Aliniona. Hakuja wala hakuondoka. Basi likaenda, vumbi likatuingia sote wawili.

Nilimfuata nikamwomba radhi ya jana. Akasema, "Kesho njia ya mashindano inaishia wapi?"

"Njombe."

"Na Njombe iko upande gani wa Lugarawa?"

Basi kesho nitaingia majini. Nikivuka, nitafika Njombe kwa miguu yangu. Kutoka Njombe na kuendelea, sijui. Safina ataupeleka mfuko wangu misheni Njombe kwa Padre Severini, akipanda basi la asubuhi.

Jumamosi, 13 Novemba. Njombe, nyumba ya wageni ya misheni, jioni

Mikono inauma lakini lazima niandike.

Watu walikuwa wengi kuliko siku ya gulio. Walikuwa wameweka kamba ndefu juu ya lambo yenye madumu matupu, na vijana wawili walikaa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori ili kuokoa watakaozama. Sheria ilikuwa moja: ukiushika mpira, umetoka. Wanaume ishirini na tatu, wanawake wanne. Mwalimu Stanley alipewa bendera na nafasi kwenye pikapu ya Mzee Hassani itakayofuata baiskeli. Nikasema moyoni, sasa atapata la kusimulia mwaka mzima.

Asubuhi upepo ulikuwa umeinuka. Lambo ambalo siku zote lilikuwa kama sahani leo lilikuwa na mawimbi madogo, mafupi, yanayokuja bila kukoma. Padre Severini akapuliza filimbi, tukaingia, maji yakawa miguu na viwiko vya watu.

Sijui nilifika mita ngapi. Wimbi lilinipiga mdomoni, nikageuza kichwa, jingine likanipiga, na mara lambo lote likaanza kupanda na kushuka, ukingo ukapanda na kushuka, watu ukingoni wakapanda na kushuka. Nilitapika kifudifudi, nikameza maji, nikakohoa. Nikageuka chali. Mawingu nayo yalikuwa yanatembea. Nikafumba macho, ikawa vibaya zaidi. Nikatapika pembeni.

"Mwalimu! Shika mpira!"

Ule mpira mweusi ulikuwa karibu na bega langu. Kijana alikuwa amenyoosha mkono na sura yake ilikuwa ya huruma kabisa, kama ya yule dereva aliyenipa dakika tano na nyingine tano. Na mimi niliutaka. Nisiseme uongo. Niliutaka kama nilivyozitaka zile nyasi.

"Mwalimu, unazama!"

"Sizami," nikasema. "Natapika."

Nikampita. Nilikwenda chali, nikipiga miguu, nikitapika kila nilipotaka, na nilipokwisha tapika nikageuka nikapiga mikono kidogo, kisha chali tena. Hakuna kilichokuwa rahisi. Moyo ulichafuka kutoka dumu la kwanza hadi la mwisho, na madumu yakapita moja baada ya jingine. Nakumbuka nilishangaa. Miaka yote nilidhani kutapika ni mlango unaofungwa. Leo nilikuwa naupita huku umenigonga pua.

Nilitoka majini wa tatu kutoka mwisho. Mwanamke mmoja alikuwa ameshashika mpira. Ukingoni nilipiga magoti nikatoa kilichobaki, na watoto wa shule yangu wakaanza kuiga, weee, weee. Ndipo mtu akawakemea kwa sauti ya darasani, "Nyamazeni! Nani amewaambia hapa ni mahali pa kucheka?" Ni Stanley. Alikuwa ameishika baiskeli yangu wima, usukani ukinielekea.

"Nimeongeza upepo gurudumu la nyuma," akasema. "Wako mbele, lakini hawaijui barabara kama wewe. Nenda."

Fundi Kasimiri alikuwa nyuma yake, koti limelowa hadi kiunoni. Aliingia majini, yule mzee. Sikuuliza saa ngapi.

Barabara naijua. Najua panapodanganya kuwa ni tambarare na najua pa kusimama juu ya pedeli. Niliwapita wanaume kumi kabla ya nusu ya njia. Kwenye mlima mmoja mrefu, tumbo tupu likanigeuka tena, nikainama kando ya usukani nikatema nyongo bila kusimama. Pikapu ilikuwa karibu na vijana nyuma wakaanza kelele. Nikamsikia Stanley akipiga bodi kwa kiganja. "Geukeni mbele! Mwalimu yuko kazini."

Miezi yote hii nilimweka kundi la maadui. Labda mtu huwa na sauti moja ofisini na nyingine barabarani.

Mbio sizikumbuki vizuri. Njombe kulikuwa na ukungu na baridi, na watu walisimama mlangoni kwao na mablanketi wakinisalimia na kunihimiza, "Kamwene, dada, kaza!" Muuguzi mmoja wa hapa Njombe alikuwa wa kwanza kati ya wanawake, amestahili, alikimbia kama swala. Mimi nilikuwa wa pili. Mzee Hassani alinipa mkono na blanketi.

Padre Severini alinipongeza. Nikamwambia, "Padre, mama yangu yuko hospitali Lugarawa."

Akasema, "Kesho baada ya misa ya kwanza Landrova inapeleka dawa huko huko. Ila Mwalimu…" Akaniangalia. Na yeye alikuwa amesimama ukingoni asubuhi.

"Ndiyo, padre," nikasema. "Nitatapika. Waombe wanipe ndoo."

Jumatatu, 15 Novemba. Lugarawa

Dereva anaitwa Nahumu, mtu mwembamba asiyependa maneno. Jana niliingia mbele na ndoo mapajani. Sikuwa na limau. Nilianza kutapika kabla hata hatujauacha mji vizuri.

Baada ya mara ya tatu Nahumu akapunguza mwendo. "Nisimame?"

"Usisimame."

Kona zikaanza. Bonde upande mmoja, ukuta wa udongo upande mwingine, kisha bonde upande wa pili. Mara ya tano. Mvua ikaanza kunyesha, ya kwanza msimu huu, matone makubwa juu ya bati la gari, tope likaanza kutuyumbisha kila upande. Mara ya sita. Kichwa kiligonga kioo. Nililia pia, sitaficha, nililia kama mtoto, kamasi na kila kitu.

"Dada, nasimama. Utanifia humu."

"Kaka Nahumu, nakuomba. Nikishuka sipandi tena. Najijua. Wewe endesha tu."

Aliniangalia, akaangalia barabara, akabadilisha gia. Hakuuliza tena. Alikuwa anachukua kona taratibu sana, na mara moja alinyoosha mkono akanishikia ndoo.

Tulifika saa tisa. Mvua imekatika. Odilo alikuwa bombani nje ya wodi akiosha bakuli la mama. Aliponiona aliacha bomba likimwagika.

"Umekuja na nini?"

"Na gari."

Akanitazama toka kichwani: kilemba, blauzi, kanga, vyote vimechafuka. Akafunga bomba, akajaza bakuli maji, akaja.

"Leti," akasema, "yale maneno ya siku ya matanga…"

"Mwaga maji, kaka."

Alinimwagia mikononi, nikanawa uso. Akaenda akajaza tena, akanimwagia tena.

Mama yuko kitanda cha mwisho. Amekuwa mdogo. Alikuwa amefumba macho, na nilipokaribia akakunja pua.

"Nani huyo ananuka matapishi?"

"Ni mimi, mama."

Akafumbua macho. "Leti?"

"Ndiyo, mama."

"Sogea basi. Hata mimi nanuka dawa."

Alhamisi, 18 Novemba

Homa imeshuka. Ameomba uji, kisha akausema vibaya.

Jumatatu, 22 Novemba

Mvua kila siku. Najikuta nimekaa kwenye benchi saa nzima bila kusimama. Odilo ananisimulia habari za kaburi la baba, jinsi walivyoweka msalaba wa saruji. Jumamosi alinipeleka kijijini kwa miguu. Tulipalilia wote wawili.

Alhamisi, 25 Novemba. Nyumbani

Mama ameruhusiwa leo. Kijiji chetu kiko mbali na hospitali kwa mgonjwa kutembea, na Odilo alipata pikapu ya mfanyabiashara wa viazi. Mama alikaa katikati, mimi dirishani na ndoo yangu, Odilo nyuma kwenye magunia.

Hatujatembea sana nikasikia mama amenyamaza. Alikuwa anamsema mpishi wa hospitali, mara kimya. Nikageuka. Jasho limemjaa juu ya mdomo, macho ameyakaza mbele. Hali hiyo naijua kuliko mtu yeyote duniani.

"Mama?"

Akanipokonya ndoo. Alitapika sana, mkono mmoja ameushika ubao wa mbele wa gari. Nilimshika kichwa. Alipoinua uso nikaichukua ndoo mimi, maana zamu yangu ilikuwa imefika.

Tulipopata nafasi ya kupumua nikamuuliza, "Tangu lini?"

"Tangu wazungu walete gari la kwanza misheni. Nilikuwa binti." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Unadhani kwa nini sijawahi kuja huko kwako Makambako?"

Sikuwahi kujiuliza. Miaka sita nilihesabu safari zangu nisizokwenda, na hata siku moja sikuhesabu zake.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia nini? Wewe ulikuwa mwalimu, umeondoka kwa gari, nikasema huyu mwanangu ameepuka." Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Kumbe umerithi."

Nikacheka. Naye akaanza kucheka, kicheko chembamba chenye kikohozi ndani yake, na dereva akatuangalia kama watu waliorukwa na akili. Kona ikaja. Nikamwekea ndoo tayari, tukaishika pamoja, na gari likateremka polepole kwenye tope kuelekea nyumbani.